Maandishi hayaonekani kwenye Linux? Usifute kompyuta, angalia mandhari kwanza

Igunga. Kompyuta inawaka vizuri, programu inafunguka, lakini menyu ni kipande cheusi kisicho na neno hata moja. Ukipitisha mshale wa kipanya juu yake, maneno yanachomoza. Ukiuondoa, yanapotea. Au unachapa kwenye kisanduku cha fomu, mshale unasogea, lakini herufi huzioni.

Wengi wakiona hivyo kwenye kompyuta yenye Linux hufikiria virusi, kioo kibovu au mfumo uliokufa. Kinachofuata ni kuifuta kompyuta na kuweka mfumo upya, na mafaili ya wateja yanaondoka nayo.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Maandishi yapo palepale, ila yamepewa rangi ileile ya sehemu yalipoandikwa: meupe juu ya nyeupe, au meusi juu ya nyeusi. Chanzo ni mandhari, yaani ule mpangilio wa rangi na sura ya madirisha, na dawa yake ni ya dakika chache.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu rasmi, kwa sababu inadai prosesa za karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Mwenye mashine kama hiyo ana njia chache: anunue nyingine, aendelee na mfumo usiopata ulinzi mpya, au ahamie Linux, ambayo haina ada ya leseni. Linux Mint na Ubuntu ni kati ya zinazopendwa na wanaoanza.

Kwa steshenari ndogo ya Igunga, mji uliopo kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, hesabu hiyo inaeleweka. Kompyuta ikifanya kazi, mteja anachapiwa barua, anajaziwa maombi ya mkopo wa chuo, anatolewa nakala, maisha yanaendelea. Ikigoma, fundi anayeijua Linux si wa kumpata kila kona. Ndiyo maana inafaa mwenye duka ajue mwenyewe pa kuanzia.

Rangi mbili, mikono miwili

Ili neno lisomeke zinahitajika rangi mbili: ya herufi na ya nyuma yake. Tatizo linaanza pale kila rangi inapochaguliwa na mtu tofauti.

Kwenye Linux, mandhari ya mfumo hupendekeza rangi zote mbili. Mandhari meusi husema: nyuma iwe nyeusi, herufi ziwe nyeupe. Programu ikikubali zote, hakuna shida.

Lakini zipo programu ambazo mtengenezaji wake ameweka rangi ya nyuma kwa lazima, tuseme nyeupe, akasahau kuweka rangi ya herufi. Herufi zinabaki kuchukua rangi kutoka kwenye mandhari, ambayo ni nyeupe. Matokeo yake ni nyeupe juu ya nyeupe. Kinyume chake pia hutokea: herufi zimelazimishwa kuwa nyeusi, nyuma inafuata mandhari meusi.

Ni sawa na kibao cha duka kilichopakwa rangi na fundi mmoja, herufi zikachorwa na mwingine, bila wawili hao kuulizana.

Kuna kipimo cha jambo hili. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti uitwao WCAG unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi kabisa juu ya nyeupe kabisa ni 21 kwa 1. Rangi zikifanana kabisa ni 1 kwa 1, hapo hakuna jicho linalosoma. Na ukiwa kwenye duka lililo wazi mbele, jua la mchana likipiga kioo, hata kijivu kilichosomeka asubuhi kinaweza kukushinda.

Hakikisha kwanza ni mandhari

Si kila maandishi yasiyosomeka ni kosa la mandhari. Angalia dalili:

• Maneno yanaonekana ukiyachagua kwa kipanya au ukipitisha mshale juu yake: hiyo ni rangi. Mandhari ndiyo mshukiwa wa kwanza.

• Badala ya herufi unaona visanduku vitupu: fonti inayohitajika haipo.

• Herufi zipo ila ni ndogo kama chungu: ni ukubwa wa maonyesho, si rangi.

• Herufi zimevurugika baada ya kompyuta kuamka usingizini: angalia upande wa programu ya kadi ya picha.

• Kioo chote kimefifia au kimegeuka rangi moja, hata kabla ya Linux kuwaka: angalia waya na kioo chenyewe.

Kipimo kingine kizuri ni kufungua akaunti ya pili ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyohiyo, kisha kuingia nayo. Kama huko kila kitu kinasomeka, mfumo wako ni mzima. Ugonjwa uko kwenye mipangilio ya akaunti ya kwanza tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kufuta kompyuta nzima.

Na kama una haraka ya kusoma kilichoandikwa, bofya ndani ya kisanduku au ukurasa, kisha bonyeza Ctrl na A. Maandishi yote yatachaguliwa na kupata rangi nyingine. Unaweza kuyanakili na kuyabandika kwenye programu inayosomeka. Hiyo siyo tiba, ila inaokoa kazi ya mteja aliyesimama mbele yako.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye mandhari ya asili

Usianze kwa kutafuta mandhari mengine ya kupakua. Rudi kwanza kwenye yale yaliyokuja na mfumo.

Kwenye Linux Mint yenye Cinnamon, fungua menyu, andika "Themes". Kwenye matoleo ya karibuni utaona sehemu ya "Appearance". Chagua "Light". Kama mtu alishachezea mipangilio ya ndani, ingia "Advanced settings" na kwenye "Applications" chagua Mint-Y.

Kwenye Ubuntu, fungua "Settings", nenda "Appearance", chagua mtindo mweupe.

Kwenye mifumo yenye Xfce, kama Xubuntu, fungua "Appearance" na uchague kwenye "Style". Kwenye KDE, mandhari ya asili yanaitwa Breeze.

Ukimaliza, funga programu iliyokuwa na shida na uifungue tena. Nyingine hazibadiliki mpaka utoke kwenye akaunti na kuingia upya.

Kama hata madirisha ya mipangilio hayasomeki, bonyeza Ctrl, Alt na T kufungua terminali. Kwa Mint yenye Cinnamon andika:

gsettings reset org.cinnamon.desktop.interface gtk-theme

Kwa Ubuntu:

gsettings reset org.gnome.desktop.interface gtk-theme
gsettings reset org.gnome.desktop.interface color-scheme

Amri hizi hazifuti faili lako lolote. Zinarudisha chaguo la mandhari kama lilivyokuwa mwanzo, basi.

Hatua ya pili: ni programu zote au moja?

Baada ya kurudi kwenye mandhari ya asili, kama kila kitu kinasomeka, kosa lilikuwa kwenye mandhari uliyokuwa umeweka. Kama bado programu moja inasumbua, shughulika na hiyo peke yake.

Programu nyingi za Linux unaweza kuzijaribu na mandhari tofauti bila kubadilisha kompyuta nzima. Kwa mfano, kwa programu ya kuandikia maandishi mepesi ya Mint iitwayo xed:

GTK_THEME=Adwaita xed

Kama ikifunguka hivyo inasomeka, una uhakika kwamba mandhari yako ndiyo yaliyoivuruga. Tumia amri hii kupimia tu. Usiiweke kwenye mipangilio ya kudumu, maana inalazimisha sura moja kwa programu ambazo huenda hazikuandaliwa kwa sura hiyo.

LibreOffice: hapa ndipo pesa inapopotea

Kwa mwenye steshenari, kosa la rangi kwenye menyu linaudhi tu. Kosa la rangi kwenye waraka linakula karatasi na linaharibu jina.

LibreOffice ina rangi ya herufi iitwayo "Automatic". Ukurasa ukiwa mweusi kwenye kioo, herufi hizo huonekana nyeupe. Ukichapa kwenye karatasi, zinatoka nyeusi kama kawaida. Hiyo ndiyo rangi salama.

Balaa ni pale mtu anapoona herufi nyeusi zimemezwa na ukurasa mweusi, naye "anatengeneza" kwa kuzipaka nyeupe yeye mwenyewe. Kwenye kioo zinaonekana safi kabisa. Kwenye printa karatasi inatoka tupu. Mbaya zaidi ni pale faili linapotumwa kwa barua pepe: anayelifungua kwenye ukurasa mweupe haoni neno, anadhani mwombaji wa kazi ametuma ukurasa mtupu.

Suluhisho ni hili:

• Nenda "Tools", kisha "Options", fungua sehemu ya LibreOffice, tafuta "Application Colors". Kwenye matoleo ya karibuni sehemu hiyo inaitwa "Appearance". Weka rangi ya ukurasa wa waraka iwe nyeupe. Sasa kioo kitafanana na karatasi.

• Kama waraka una herufi zilizopakwa rangi ovyo, bonyeza Ctrl na A kuchagua zote, kisha kwenye rangi ya herufi chagua "Automatic". Usibonyeze nyeupe wala nyeusi.

• Ukinakili maneno kutoka kwenye tovuti, yanakuja na rangi ya huko yalikotoka. Yabandike kwa Ctrl, Alt, Shift na V ili yaingie bila mapambo.

• Kabla ya kuchapa nakala kumi, angalia mwonekano wa kuchapa, au toa nakala moja kwanza.

Firefox na fomu za mtandaoni

Kwenye matoleo ya zamani ya Firefox, mandhari meusi ya Linux yalikuwa yanapenya hadi ndani ya fomu za tovuti. Tovuti imeweka kisanduku cheupe, Firefox inachukua herufi nyeupe kutoka kwenye mfumo, anayejaza fomu anaandika asichokiona. Namba ya mtihani ikikosewa tarakimu moja hapo, hakuna anayegundua mpaka majibu yarudi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusasisha Firefox. Kisha ingia "Settings", tafuta "Website appearance", chagua "Light". Hapo tovuti zitaombwa zijionyeshe kwa rangi nyeupe hata kama madirisha mengine ya kompyuta ni meusi.

Kama bado tovuti moja inasumbua, angalia kama kuna kiongezi cha kugeuza tovuti kuwa nyeusi kilichowekwa kwenye Firefox. Kizime ukiwa unajaza fomu. Viongezi hivyo hukisia rangi, na makisio yakikosea ndipo herufi zinapopotea.

VLC na programu za ukoo mwingine

Programu za Linux hazijengwi kwa vifaa vya aina moja. Nyingi za Mint na Ubuntu zinatumia GTK. Nyingine, kama VLC ya kuchezea filamu na muziki, zinatumia Qt. Mandhari yaliyotengenezwa kwa GTK hayaongozi Qt moja kwa moja. Ndiyo maana unaweza kukuta kompyuta nzima inasomeka, lakini menyu ya VLC ni giza tupu.

Njia rahisi ni kubaki na mandhari meupe ya asili, kwa sababu huko pande zote mbili mara nyingi zinapatana. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kusakinisha programu iitwayo qt5ct, ambayo inampa nafasi ya kuchagua rangi za programu za Qt zinazoifuata.

Kuna pia programu zinazokuja kwa mfumo wa Flatpak. Hizi huendeshwa zikiwa zimetengwa na sehemu nyingine za kompyuta, kwa hiyo mandhari uliyoweka kwenye folda yako ya .themes zinaweza zisiyaone kabisa. Hali kama hiyo hutokea kwa programu zinazofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi: zinasoma mipangilio ya msimamizi, si ya kwako. Programu ikiwa na sura tofauti na wenzake, angalia kwanza imeingiaje kwenye kompyuta.

Mabaki yaliyojificha

Wakati mwingine mtu anarudi kwenye mandhari ya asili, lakini tatizo linabaki. Hapo shuku mabaki. Baadhi ya mandhari ya kupakua, na maelekezo mengi ya kupamba Linux, huacha faili dogo liitwalo gtk.css. Faili hilo linaendelea kupaka rangi hata baada ya mandhari yenyewe kuondolewa.

Fungua folda yako ya nyumbani, bonyeza Ctrl na H ili vilivyofichwa vionekane. Ingia .config, halafu gtk-3.0, na baadaye gtk-4.0. Ukikuta gtk.css humo, usilifute. Libadilishe jina liwe gtk.css.zamani. Toka kwenye akaunti, ingia tena. Kama mambo yamekaa sawa, umempata mwizi.

Angalizo: usifute folda nzima ya gtk-3.0. Ndani yake mna faili linalotunza njia za mkato za folda zako.

Ugomvi huu una historia

Wapambaji na watengenezaji wa programu wamekuwa wakivutana kuhusu suala hili kwa miaka. Mwaka 2019, kundi la watengenezaji wa programu za GNOME walitoa barua ya wazi kuwaomba wasambazaji wa mifumo ya Linux waache kubadilisha mandhari ya programu zao kwa nguvu. Hoja yao ilikuwa kwamba programu iliyopimwa kwa rangi fulani huharibika ikivishwa nyingine, na lawama humwangukia aliyeitengeneza.

Mwisho wa 2021 likatoka toleo la kwanza la libadwaita, maktaba inayozifanya programu mpya za GNOME zibaki na sura yao bila kujali mandhari ya kompyuta. Linux Mint, ambayo inathamini mandhari, ilichukua njia yake: katika Mint 22 ya mwaka 2024 ilirudisha baadhi ya programu kwenye matoleo ya zamani yanayokubali mandhari.

Kwa mtumiaji wa kawaida maana yake ni moja. Ukiona dirisha moja jeupe katikati ya madirisha meusi, si lazima kuwe na hitilafu. Huenda programu hiyo imekataa kuvishwa nguo isiyo yake.

Vipi kuhusu betri?

Wapo wanaong'ang'ania mandhari meusi wakiamini yanatunza chaji umeme ukikatika. Inategemea kioo. Kwenye simu zenye kioo cha OLED, nukta nyeusi huzimika, kwa hiyo chaji inaokolewa. Laptopu nyingi za zamani zina kioo cha LCD, ambacho taa yake ya nyuma inawaka muda wote hata ukurasa ukiwa mweusi. Huko ukitaka kuokoa chaji, punguza mwanga wa kioo. Kubadilisha rangi hakusaidii kitu.

Kwa macho, mandhari meusi yana raha yake usiku. Lakini mchana kwenye duka linalopigwa na jua, maandishi meusi juu ya nyeupe ndiyo yanayosomeka kirahisi zaidi.

Na kwenye simu

Kanuni ni ileile. Android 10, iliyotoka 2019, ilileta mandhari meusi kwa simu nzima. Ukikuta programu moja haisomeki, zima mandhari meusi kwenye mipangilio ya maonyesho, uifungue tena. Kama uliwahi kuwasha mipangilio ya wasanidi programu na ukalazimisha programu zote ziwe nyeusi, anzia kuzima hapo.

Kabla hujapakua mandhari mengine

Anayependa kupamba kompyuta yake asiogope, ila afuate utaratibu. Aandike jina la mandhari ya sasa kabla ya kubadilisha. Aangalie kama mandhari mapya yametengenezwa kwa toleo lake la mfumo. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha afungue programu tatu anazozitegemea: ya kuandikia, ya intaneti na ya mafaili. Kama mojawapo haisomeki, arudi nyuma siku hiyohiyo, akiwa bado anakumbuka alichogusa.

Kwa kompyuta ya kazi, ushauri ni mwepesi zaidi: akaunti ya kuhudumia wateja ibaki na mandhari ya asili, mapambo yawekwe kwenye akaunti nyingine. Na kabla ya kukubali kompyuta ifutwe kwa sababu "maandishi yamepotea", bonyeza Ctrl na A. Yakijitokeza, kazi yako yote ipo. Kilichobaki ni kubadilisha rangi.